Bi Taratibu na Sanduku Lililokuwa Jekundu

Tarehe 30 ya mwezi huu Bi Taratibu, Mkuu wa Karakana ya Uhifadhi, anastaafu baada ya kuitumikia makumbusho yetu kwa miaka thelathini na minne. Hilo ndilo jina analoitwa na kila mfanyakazi, kuanzia lango kuu hadi ghala la chini, kwa sababu neno "taratibu" limemtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Mimi nilimpa jina jingine siku aliyozaliwa, lakini naona mmenishinda.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimekuwa mfanyakazi mwenzake. Nilikuwa fundi cherehani hapa, nikishona mapazia, vifuniko vya vumbi na mito ya kulazia vitu vya kale, mpaka nikastaafu na mimi. Wakaniambia nimwandike kama mtu baki, nisimwandike kama mama yake. Nitajitahidi. Nikiteleza mtanivumilia, maana shule yangu iliishia darasa la saba na huko hawakutufundisha kumwita mtoto wa kumzaa "mtumishi tajwa".

Mtumishi tajwa aliingia kazini akiwa binti mwembamba mwenye kucha safi. Nasema kucha safi kwa sababu ndizo zilizompa kazi. Siku ya usaili waliitwa wengi, na marehemu Mzee Mafuta, aliyekuwa mkuu wa karakana wakati huo, hakuwauliza vyeti. Aliwaambia waoneshe mikono. Alipofika kwa huyu wetu akamwuliza, "Hizi umezikata leo kwa ajili yangu?" Naye akajibu, "Hapana mzee, kwa mama yangu hakuna kukaa mezani na kucha ndefu." Akaajiriwa. Sisemi kwamba kazi ile aliipata kwa sababu yangu. Nasimulia tu ilivyokuwa.

Baadaye alipelekwa masomoni ng'ambo mara mbili, akarudi na vyeti, na vyote nimevitundika sebuleni kwangu. Mgeni akiingia lazima apite mbele ya vyeti hivyo kabla hajapata kiti. Alipanda kutoka msaidizi hadi fundi, kutoka fundi hadi mkuu. Ndiye aliyepigania ghala jipya lisilovuja, ndiye aliyeleta rafu za chuma, na ndiye aliyepiga marufuku chai ndani ya karakana. Marufuku hiyo ilimkuta hata Mkurugenzi wetu mpendwa. Siku moja aliingia na kikombe chake mkononi, akaona sanduku la kale limetulia pembeni, akalikalia. Bi Taratibu hakupaza sauti. Alimsogelea akamwambia, "Mheshimiwa, huyo uliyemkalia ana umri wa babu yako mara mbili." Mkurugenzi aliruka kama aliyekalia jiko. Tangu hapo hunywa chai yake amesimama nje mlangoni, na huwa anatuchekesha mwenyewe kwa kisa hicho, kwa hiyo sijafichua siri ya mtu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni masanduku ya safari, yale ya mbao yaliyovikwa ngozi, ya watu wa zamani waliosafiri na nyumba nzima mgongoni. Kutambua sanduku la namna hiyo si kulitazama na kusema "lo, la zamani!" Yeye hulala chini sakafuni, mtu mzima mwenye cheo, akalitazama tumboni kwanza, kwa sababu anasema juu ndiko watu wanakodanganya. Hushika kioo cha kukuzia akasoma vinyweleo: vya mbuzi vimejipanga mistari, vya ng'ombe vimetapakaa. Huangalia misumari, kama vichwa vyake vinafanana mno basi ni vya mashine, kama kila kimoja kina sura yake basi kuna mtu aliyevigonga. Hunusa. Ndiyo, hunusa, na akitoka hapo nywele zake zinanukia kabati la bibi.

Kila mwaka makumbusho ilikuwa na siku ya wananchi kuleta vitu vyao vya kale vitambuliwe. Mtu mmoja alikuja na sanduku amelifunika kwa shuka nyeupe, anatembea nyuma yake kama msindikizaji, akatangaza kwamba lilikuwa la mfalme. Bi Taratibu alilala chini, akanusa, akagonga, akainuka. Akamwambia kwa adabu kwamba hiyo si ngozi, ni karatasi ngumu iliyopakwa rangi, na kwamba huyo mfalme alikuwa akila biskuti, kwa sababu ndani ya mfuniko mlikuwa na chapa ya kiwanda cha biskuti. Yule bwana akafoka, "Mama, una wivu tu!" Mwaka uliofuata akarudi na saa ya ukutani. Mtu hamrudii mjuzi ambaye hamwamini.

Sasa nieleze habari ya mafuta, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa lile ninalotaka mlikumbuke kuliko yote.

Mzee Mafuta, Mungu amrehemu, aliamini kwamba ngozi ina njaa. Kila mwaka mvua zikiisha aliamuru viatu vya kale, matandiko ya farasi, mikoba na masanduku vitolewe barazani, na hapo vikalishwa. Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe: kulisha. Alichemsha mafuta ya mbono na nta kwenye kopo, wakakaa yeye na binti yangu na vitambaa vyao, wakisugua mpaka jioni. "Huyu ameshiba?" anauliza mzee. "Ameshiba, mzee." "Mwongezee kidogo, ana uso wa njaa." Karakana zote za wakati ule zilifanya hivyo, na kwa upendo kabisa.

Masomoni binti akafundishwa kinyume. Mafuta yakishaingia kwenye ngozi kuukuu hayatoki. Yanavuta vumbi, yanaifanya ngumu, yanaitia weusi mwaka hadi mwaka. Ngozi ya kale haitaki chakula, inataka giza, ukavu na kuachwa. Alirudi akamweleza mkuu wake. Mimi nilikuwa hapo hapo napima pazia. Mzee akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nawaua?" Akajibiwa, "Hapana mzee, ulikuwa unawanenepesha." Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Akaosha lile kopo lake mwenyewe, akaweka penseli ndani. Vinyongo hakuwa navyo. Ndiyo maana hata leo tunamtaja kwa heri.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Miezi michache iliyopita ghala lilijaa, uongozi ukaamua kwamba vitu visivyojulikana asili yake vipelekwe mnadani. Kati yake lilikuwemo sanduku moja la safari, la mbao na ngozi, mfuniko umebinuka kama mgongo wa kobe, misumari ya shaba imezunguka kufuli mfano wa ua, na vishikio viwili vya ngozi ubavuni, kimoja kinaning'inia. Jeusi tii. Lililetwa makumbusho zamani sana pamoja na mizigo isiyodaiwa ya nyumba moja ya wageni iliyofungwa. Mwenyewe ni nani, hakuna aliyejua.

Vitu vya mnada vikawekwa ukumbini watu waje kuviona. Akaja mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, mkoba umebanwa kwapani. Wafanyakazi walimwita Bibi Nesi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alipita kwenye mitungi, akapita kwenye taa, akafika kwenye sanduku akasimama. Alisimama kama mtu aliyekutana na ndugu njiani lakini hana hakika ni yeye. Bi Taratibu akamsogelea.

"Mwanangu," Bibi Nesi akasema, "hili ni sanduku la baba yangu."

"Umelijuaje, mama?"

"Mgongo wake huu. Na hili ua la misumari, nilikuwa naweka kidole hapa, petali moja moja. Ila..."

"Ila nini?"

"La baba lilikuwa jekundu."

Mtunza Ghala wetu, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "Basi ni lenyewe mama, limekosea rangi tu!" Watu wakacheka. Bibi Nesi hakucheka, na Mtunza Ghala mwenyewe ameniambia kwamba tangu siku ile anatamani angemeza ulimi.

Maelezo ya bibi huyo yalikuwa haya. Mama yake alifariki alipomzaa. Baba yake alikuwa mpiga picha wa kuzunguka mji hadi mji, vyombo vyake vyote ndani ya sanduku hilo. Safari moja akaugua huko huko, akazikwa huko huko, mizigo ikapotea. Yeye alikuwa mtoto mdogo, akalelewa na shangazi. Picha ya baba hana, mtu aliyewapiga picha watu wa miji yote hakuachiwa hata moja ya kwake. Picha ya mama ndiyo kabisa. Katika dunia hii hakuwa na kitu chochote, hata kifungo cha shati, kilichowahi kushikwa na wazazi wake. Kama sanduku lile ni lenyewe, basi kipo kimoja. Kama silo, hakuna.

"Baba aliliita Mashoto," akaongeza. "Sijui kwa nini. 'Nipe Mashoto wangu tuondoke,' ndivyo alivyokuwa akisema."

Bi Taratibu alilichukua sanduku karakanani, akalishughulikia siku nzima. Alilala chini, akanusa, akapima. Akatafuta wekundu kwenye mikwaruzo, akatafuta kwenye mikunjo, akatafuta chini ya vichwa vya misumari. Weusi mtupu, umezama. Akatafuta upande wa kushoto kama kuna jambo lolote la kulifanya sanduku liitwe mashoto: kufuli liko katikati, vishikio viko sawasawa, kuchakaa kwake kunalingana pande zote. Kesho yake akamwita Bibi Nesi, akamwambia kwa upole wote alionao kwamba amechunguza vya kutosha, na hili ni jeusi, silo.

Bibi Nesi akasema, "Haya mwanangu. Wewe ndiye mjuzi." Akabana mkoba wake akaondoka. Binti yangu alirudi nyumbani, nikamwekea chai, ikapoa mbele yake. Nikamwuliza una nini, akasema hana kitu. Mimi nimemlea, najua "sina kitu" yake ina uzito gani.

Hapo wengi wangeachia. Sanduku lilikwisha hukumiwa, tarehe ya mnada ilikwisha tangazwa. Lakini kishikio kimoja kilikuwa kinaning'inia, na Bi Taratibu hajawahi kukitoa kitu mlangoni pake kikiwa hivyo, hata kama kinakwenda kwa mtu atakayekitupia viatu ndani. Na ana utaratibu wake, ambao nyinyi mafundi aliowafundisha mnaufahamu: haugusi mshono wa mtu mpaka kwanza ameushona na yeye. Huchukua kipande cha ngozi chakavu, uzi ule ule, sindano mbili, akaiga mshono wa kale hadi ufanane. Anasema ni kama kumsikiliza mtu kabla ya kumjibu.

Basi Jumapili hiyo alikuwa mezani kwangu na kipande chake cha ngozi na picha ya kishikio aliyoipiga kwa karibu. Akashona, akalinganisha, akafumua. Akashona tena, akafumua. Mshono wa sanduku ulilala upande mmoja, wa kwake ulilala upande wa pili. Akabadilisha uzi. Akabadilisha sindano. Akageuza ngozi juu chini. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikamwambia, "We mtoto, acha, imekushinda. Huyo aliyeshona alikuwa mkorofi tu." Akanitazama kama nimemtukana. Kisha nikaona anahamisha msharasi, ile sindano nene ya kutobolea, kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Akatoboa vibaya, akajichoma, akatoboa tena. Pole pole mshono ukatokea, umepinda pinda kama wa mtoto wa chekechea, lakini umelala upande ule ule wa sanduku.

"Mama," akasema, "aliyeshona hiki alikuwa mashoto."

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kazini. Pale kishikio kilipoanza kubanduka, nyuzi chache zilikuwa zimekatika zenyewe, na ngozi ya kishikio ilikuwa imelala juu ya ngozi ya sanduku kama ulimi. Akauinua ule ulimi kidogo, akaingiza kioo kidogo cha daktari wa meno, akaelekeza tochi. Chini yake, mahali ambapo hapajawahi kuona jua wala kitambaa, ngozi ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya tofali jipya.

Akakaa chini. Akakumbuka baraza, mvua zimeisha, kopo linachemka. Huyu ameshiba? Ameshiba, mzee. Sanduku lililetwa hapa jekundu na likalishwa hapa hapa, mwaka baada ya mwaka, mpaka likawa jeusi, na baadhi ya mikono iliyolilisha ilikuwa yake mwenyewe, binti mwenye kucha safi. Aliitafuta ile rangi kila mahali isipokuwa kwenye kumbukumbu yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojivunia, na wale wanaosema mama huyu anajisifu waandike wasifu wao. Vyeti vipo ukutani, mmeambiwa. Ghala jipya lipo, mnaliona. Lakini kubwa kuliko yote aliyofanya mwanangu katika miaka thelathini na minne ni kwamba asubuhi ile alipanda ngazi hadi ofisi ya Mkurugenzi akasema, "Nilikosea."

Mkurugenzi, ambaye ana haki ya kuogopa kwa niaba ya makumbusho, akamwambia, "Bi Taratibu, mnada umetangazwa. Tulishamwambia yule mama silo. Na wewe umebakisha miezi tu utoke na heshima zako. Tutaonekanaje?"

"Tutaonekana tumekosea, mheshimiwa. Ndivyo ilivyo."

Mkurugenzi alitazama dirishani, kisha akasema, "Haya. Nalitoa mnadani. Lakini ukimweleza yule mama, nataka niwepo na mimi." Nampongeza kwa hilo. Si kila bosi angetaka kuwepo.

Bibi Nesi akaitwa. Mimi pia niliitwa, nilete uzi wa kitani uliotiwa nta, kwa kuwa wa dukani siku hizi ni takataka, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Karakana ilijaa. Bi Taratibu akasimama mbele ya watu wote, akamweleza Bibi Nesi habari ya mafuta bila kujificha nyuma ya jina la marehemu mkuu wake. "Mama, mimi ni mmoja wa waliolitia weusi. Kisha nikakuambia silo kwa sababu ni jeusi. Nimekukosea mara mbili."

Bibi Nesi akasema, "Nioneshe." Akainama, miwani juu ya miwani, akatazama kwenye kile kioo kidogo. Alitazama kwa muda mrefu hata mgongo wake ukatutia wasiwasi. Alipoinuka alisema neno moja tu, "Ndiyo."

"Kuna jingine, mama. Vishikio hivi vilishonwa na mtu aliyetumia mkono wa kushoto. Baba yako alikuwa mashoto?"

"Hapana. Baba alinifundisha herufi kwa mkono wa kulia, nakumbuka alivyonishika kiganja."

"Basi alikuwa mtu mwingine."

Bibi Nesi akaweka mkoba wake mezani, akautazama mkono wake wa kushoto, mbele na nyuma, kama amepewa sasa hivi.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "shangazi alikuwa akiufunga mkono huu kwa kitambaa. Nikiukomboa nikashika kijiko nao, ananifokea mpaka analia. 'Mpaka lini nitamwona marehemu mezani kwangu?' Ndivyo alivyosema kila siku. Mimi nikidhani ni matusi. Nilidhani ananiita mfu. Kumbe alikuwa akimwona wifi yake."

Bi Taratibu, ambaye hata siku kama ile hawezi kusema asichokijua, akamwambia taratibu, "Mama, mimi naweza kuapa kwamba ni mkono wa kushoto. Ulikuwa wa nani, ni wewe unayeweza kusema."

"Ni wa mama yangu," akasema Bibi Nesi. "Na baba alikuwa akimbeba."

Mnajua kwamba katika karakana ile hagusi mtu kitu. Binti yangu amewapiga viganja hata mawaziri. Siku ile alimpeleka Bibi Nesi kwenye sinki, akamwoshea mikono kwa sabuni, akaikausha kidole kwa kidole kwa taulo safi, akamrudisha penye sanduku, akasema, "Shika." Bibi Nesi akaweka vidole vya kushoto juu ya mshono ule. Mkurugenzi alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga nje. Mtunza Ghala alisema ni vumbi. Mimi sikusingizia kitu, nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Baada ya hapo likabaki suala la kulitengeneza. Mtunza Ghala, kwa nia njema, akauliza kama sasa lisipakwe nyekundu lirudi kama zamani. Bi Taratibu akasema hapana. Weusi huo nao ni historia yake, ni miaka iliyokaa kwetu, na tukiupaka rangi tutakuwa tunalisha tena. Alilisafisha kwa brashi laini ya nywele za mbuzi na pumzi ndogo ya mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wake umefungwa wavu. Pale nyuzi zilipokatika hakushona upya. Aliingiza karatasi nyembamba ngumu chini ya ule ulimi, akaitia gundi inayoweza kutolewa siku ikihitajika, ili kishikio kishikiliwe bila kutobolewa tundu jipya hata moja. Nyuzi za zamani zote zipo palepale, hata zile fupi zilizokatika. Aliniambia mwenyewe, "Mama, pale si mahali pa kuingiza mkono wangu."

Mimi niliombwa kifuniko. Nilikishona kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa kikachemshwa, macho haya yakisaidiana na taa mbili. Bodi ikaridhia sanduku lirudi kwa mwenyewe. Tulimpelekea nyumbani kwake, likawekwa chumbani mbali na dirisha, juu ya mbao mbili lisiguse sakafu. Bi Taratibu akampa masharti: lisipigwe jua, lisinyanyuliwe kwa vishikio bali kwa kukumbatiwa chini na watu wawili, na lisipakwe kitu.

"Hata tone la mafuta?"

"Hata tone, mama."

"Hata sikukuu?"

"Mama!"

Wakacheka wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya Bi Taratibu nje ya ofisi hii.

Kwa niaba ya familia nawashukuru nyote. Asante Mkurugenzi, uliyekubali kuonekana umekosea. Asante Mtunza Ghala kwa kumchekesha mwanangu siku ambazo alirudi nyumbani amenuna. Asante mafundi aliowafundisha, mnaoshona kwanza mshono wa mtu kabla ya kuugusa, msiache. Na Mzee Mafuta huko uliko, hakuna anayekulaumu, ulilisha kwa sababu ulipenda.

Juzi nilishuka ghala la chini kuaga na mimi, kwa kuwa nina hakika sitarudi tena kwenye ngazi zile. Nikapita rafu hadi rafu. Vitu vingi sana mle ndani vimepita mikononi mwa Bi Taratibu, na hakuna hata kimoja alichoandika jina lake. Nikainua kifuniko kimoja, nikakigeuza, nikaona mshono wangu, ule wa kurudi nyuma mara mbili kwenye kona. Chini yake kuna tandiko la farasi, na ukilala chini sakafuni na tochi utaona mahali alipoliunga yeye. Wangu uko juu, wake uko ndani. Nimeviacha hivyo hivyo, nikafunika.

Bi Taratibu, mtumishi tajwa, mwanangu: umefanya kazi nzuri na mama yako ameiona. Tunakuombea afya, usingizi mzito na miaka mingi ya kunywa chai yako ingali moto. Jumatatu usiamke mapema. Nitakuamsha mimi.